Ufa Niliouficha kwa Sabuni

Siku moja ya Mwandiga, kule Kigoma, haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa binti wa kambi ya wakimbizi, Mrundi, nimetoka bila kibali kutafuta kibarua cha kuosha magari. Kung'arisha rimu nilijua mno. Nasugua kwa msasa laini wa maji, napaka dawa, nafuta kwa kitambaa mpaka unajiona meno. Usinicheke, nilikuwa na maringo!

Asubuhi hiyo dereva mmoja, Sudi, alileta gari la kumpeleka bibi harusi Kasulu. Nilipoyatoa masizi ya breki kwenye rimu ya mbele nikaona ufa, mrefu kama kidole. Mana yanje, Mungu wangu! Nikawaza: watasema mimi ndiye niliyeipasua, wataniuliza kibali, nitakamatwa. Basi nikaukandika ufa kwa sabuni ya kipande, kama mafundi wanavyoziba tangi linalovuja, nikapitisha dawa juu, nikasugua. Haukuonekana tena. Sudi akaisifu kazi, nami nikacheka naye, shetani mimi.

Bibi harusi, aliyekuwa akisubiri kivulini, akapanda, na mama yake, na watoto wawili wa ndugu zao. Mmoja akanipungia mkono. Nikaifikiria ile milima ya njiani kwenda Kasulu. Gari likaanza kuondoka. Nikakimbia nikasimama mbele yake, nalia.

"We binti, umerukwa na akili?" Sudi akafoka.

"Kaka Sudi, rimu imepasuka. Mimi ndiye niliyeficha."

Akashuka, akakwangua sabuni kwa ukucha. Kisha akasema polepole, "Ungenionyesha, ningefunga tairi la akiba, basi. Yaani uliniogopa mimi, hawa hukuwaonea huruma?"

Nikamletea spana. Alibadilisha tairi, wakaondoka. Mwenye pale pa kuoshea magari alinifukuza siku ile ile, na sikumlaumu.

Sasa nisikilize vizuri. Ukiona kasoro kazini, iseme mapema, hata kama sauti inatetemeka, hata kama kibarua kitaota nyasi. Mimi nilingoja mpaka gari likaanza kutembea, na bado naona aibu. Waliomo ndani hawajui ulichokiona wewe. Wamekuamini tu, wakapanda. Mungu akupe ujasiri nilioukosa mimi, na kila atakayeitegemea kazi ya mikono yako afike kwake salama.