Mdomo wa Mzee Norris Siku ya Mtihani wa Gillian

Mdomo wa mzee Norris Entwistle ulikuwa umepigwa marufuku. Aliyeupiga marufuku ni binti yake Gillian, ambaye Jumapili ile, kwa mara ya kwanza, angeendesha kigari moshi cha bustani chenye abiria. Mzee Pickup, mkaguzi wa chama chao cha vigari moshi, angekaa nyuma yake akimtazama. Sharti lilikuwa moja: dereva asisaidiwe hata kwa neno. Akisaidiwa, ameanguka mtihani, arudi mwakani.

"Baba, ukifungua mdomo tu, umeniangusha."

"Mimi? Lini mimi nimekuwa msemaji?"

"Tangu tuoane," mkewe Mavis akadakia.

Ujanani Norris alichochea moto kwenye injini kubwa za reli, zile zilizokuwa zikitetemesha vikombe makabatini, mpaka wakubwa walipozikatakata zikawa vyuma chakavu na kung'oa reli. Njia aliyoitolea jasho leo wanapita watu wa baiskeli, vichwani kofia kama maganda ya mayai. Kwake yeye, kigari hiki kilichomfika magotini kilikuwa tusi. Lakini mtoto ni wake, naye alikuja, tena na tai.

Wakakalia mabehewa kama wapanda farasi, magoti ya huyu mgongoni mwa yule. Mbele ya Norris alikaa mjukuu wake, Poppy.

"Babu, tumbo lako linanisukuma!"

"Si tumbo hilo. Ni breki."

Gillian akapiga king'ora, na moshi wa makaa ukawajaa usoni. Norris akauvuta kwa pua zote mbili. Kabla hajakumbuka kununa, alikuwa ameshatabasamu.

Wakalizunguka ziwa, wakapita chini ya daraja, wakaanza kupanda kilima. Huko juu mvua ya asubuhi ilikuwa imebandika majani kwenye reli. Magurudumu yakateleza. Injini ikahema mbio mbio, ikizunguka bure palepale, na treni ikasimama.

Maneno yakampanda Norris kooni. Mavis, aliyemjua mumewe, akachomoa kipande kizima cha keki ya zabibu mkobani, akamsokomeza mdomoni.

"Tafuna."

Akatafuna. Gillian akafunga mvuke, akatazama nyuma, akaiachia treni irudi taratibu mpaka chini ya daraja, penye reli kavu. Kurudi kinyumenyume na abiria! Zamani zao dereva angeitwa ofisini kwa hilo. Norris akanguruma, makombo yakamrukia Poppy shingoni.

"Babu anaongea!"

Mzee Pickup akageuka. "Kasema nini?"

"Keki," Mavis akajibu. "Anasema keki tamu."

Gillian hakugeuka. Alingoja mvuke ujae, akaufungua kidogo, kisha kidogo tena. Injini ikashika reli kavu, ikachanganya mwendo, ikayafikia majani kwa nguvu zake zote. Iliteleza mara moja, ikashika. Abiria wakawa wanayumba mbele kana kwamba wanaisukuma kwa viuno, na Norris anayumba kuliko wote. Walipofika kileleni, bustani nzima ilisikia kelele zao.

Stesheni, mzee Pickup alishuka akinyoosha magoti, akampa Gillian mkono. "Umepita, binti. Jumapili ijayo uko zamu."

Gillian akacheka, akajifuta masizi, kisha akamgeukia baba yake, uso wake kama wa mtu anayengoja kofi. "Haya, Baba. Marufuku imekwisha. Toa uliyonayo."

Alikuwa nayo mengi. Akaitazama mikono ya binti yake, myeusi tii mpaka kwenye viwiko. Katika kazi ile mchochea moto hakumwita dereva kwa jina wala kwa cheo. Alimwita mwenzangu, na hakuitwa hivyo mtu ambaye hujamkabidhi roho yako. Norris hakuwa amelitamka neno hilo tangu walipozima moto wa mwisho.

"Makaa yako yamelalia upande mmoja, mwenzangu," akasema. "Nipe beleshi."

"Baba, umeniitaje?"

"Beleshi, nimesema! Watu wanangoja."

Beleshi lenyewe lilikuwa kama upawa wa wali. Akalipokea, akapiga magoti kwenye changarawe, tai ikining'inia karibu na moto.