Safari ya Mwisho ya Mwezi

Majuzi nilikuwa stendi ya Newala kusubiri basi la Masasi liondoke. Kiti cha mbele nilishakiwahi, nikaacha leso juu yake, nikashuka kununua gazeti, mojawapo ya haya yaliyoibuka kama uyoga tangu biashara iwe huria. Nami nina ugonjwa wa kusoma kwa sauti, ili watu wajue ninasoma.

"Safari ya mwisho ya mwezi," nikatangaza.

Mama mmoja aliyekalia gunia lake la makopa ya muhogo akageuka. "Umesemaje, baba? Ya mwisho?"

"Ya mwisho, mama. Baada ya hiyo hawakwenda tena."

Kwa mvua hizi na tope lile la mteremko wa kwenda Masasi, nani angebisha? Akawaambia wenzake kwa Kimakonde, gunia likapanda kichwani, na stendi nzima ikahamia ndani ya basi. Nikabaki chini nikinyoosha kidole juu.

"Mwezi ule wa angani, jamani. Wamarekani, zamani."

Hakuna aliyetazama juu. Kondakta alisema pamejaa, akagonga bodi. Yule mama, akiwa kitini pangu, akanirudishia leso kupitia dirishani, imekunjwa vizuri.

"Hao Wamarekani walirudi kwao?"

"Walirudi wote, mama."

"Basi nawe usikate tamaa. Masasi si mbali."

Basi likaondoka. Nililala Newala, na gazeti nililimalizia kimyakimya.