Njia za Makwao Ndani ya Kompyuta Yangu

Walisema nitarudi kabla hata ya viatu kuchakaa. Baba mdogo alisema nitarudi na koti refu na mifuko mitupu. Karani mkuu wa shamba moja la kahawa kule Ruiru, ambako nilikuwa tarishi wa kubeba mafaili na kuchemsha chai, alitangaza mbele ya ofisi nzima: "Huyu India ataiona kwenye ramani tu." Nikaenda. Nikaosha sufuria za hoteli miaka mitatu kujilipia masomo, nikarudi na diploma ya kompyuta yenye muhuri. Hapo wakabadilisha maneno. Sasa ikawa kwamba Thika nzima hakuna mtu atakayetoa pesa yake kuandikiwa barua na mashine. Nikafungua duka. Wakasema halitafika Krismasi. Lilifika Krismasi mbili, na kufikia mwisho wa miaka ile ya tisini nilikuwa naandika kadi za harusi, barua za kuomba kazi na mitihani ya shule tatu za Kiganjo. Sioni kwa nini nisijisifu. Hakuna aliyenishika mkono darasani.

Ila mashine yenyewe niliinunua kwa pesa za kukopa, hilo sifichi. Walionikopesha ni baba mdogo, kikundi cha akina mama cha mama yangu huko Gatongora, na chama cha mazishi cha watu wa magharibi wanaoishi mtaa wa Landless. Chama hicho ndicho kilichotoa sehemu kubwa, kwa sharti moja: niwatunzie rejista yao.

Rejista ile haikuwa orodha ya michango. Ilikuwa orodha ya njia. Wanachama walikuwa wafanyakazi wa viwandani, watu waliotoka makwao miaka ishirini nyuma, na wengi walikuwa wameoa na kuzalia hapa. Mtu akifa, gari hukodishwa kuupeleka mwili nyumbani, na dereva wa Thika hajui huko. Kwa hiyo kila mwanachama, akiwa mzima, alieleza mwenyewe njia ya kwao: lami unaiacha wapi, mto unavukwa wapi, boma unaliuliza kwa jina gani. Walikuwa wameandika yote kwenye madaftari ya shule. Mimi niliyapiga chapa kwa wiki tatu, mengine wenyewe wakikaa mbele yangu na kunisomea. Nilipomaliza nikawaambia madaftari wayatupe, mambo ya karatasi yamepitwa na wakati.

Waliniamini. Miezi michache baadaye nilinunua njugu karibu na soko, na nilipokunjua karatasi nikasoma kwa mwandiko wa mtu: "ukifika kwa kanisa la udongo, usiendelee, rudi nyuma." Nikala njugu zile nikiwa nimesimama. Karatasi sikuitupa, lakini pia sikumwambia mtu.

Sasa, kompyuta yangu ilikuwa na mifumo miwili ndani ya diski kuu moja. Niliigawa mwenyewe, na Thika nzima sijui mwingine aliyeweza kufanya hivyo wakati ule. Ukiiwasha, kabla ya kitu chochote, inakuuliza: moja au mbili? Moja ni mfumo wa zamani, ambao ndio uliokuwa na rejista, kwa sababu niliihifadhi kwa programu niliyoiandika chuoni na haikukubali kwingine. Mbili ni mfumo mpya, wa picha na herufi za kupendeza, uliokuwa unaniletea ugali. Mifumo hiyo miwili haikusomana.

Nikanunua printa ya rangi. Printa ikakataa kufanya kazi mpaka mfumo mpya uboreshwe kwa toleo lililokuja kwenye CD. Nikaiweka CD siku ya Jumanne. Ilikwenda vizuri karibu mpaka mwisho, ikasimama, ikaandika kwamba nafasi haitoshi, ikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nikafuta mafaili ya zamani, nikarudia Jumatano. Ikasimama palepale. Lakini mara hii iliongeza swali: nimeona eneo lisilotumika mwanzoni mwa diski, nilitumie? Ndiyo au hapana?

Mwanzoni mwa diski palikuwa na mfumo wa zamani. Eneo lile "lisilotumika" lilikuwa watu mia na zaidi, na njia zao. Nikabonyeza hapana.

Hapo mtu mwenye akili angeacha. Angalau angetoa nakala. Nakala nilikuwa nayo, kwenye flopi moja, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimeiandikia juu kadi za harusi kwa sababu flopi ziliniishia. Lakini mteja wa kalenda za rangi alikuwa ameshalipa, na mimi si mtu wa kushindwa na mashine. Alhamisi asubuhi nikafuta tena, nikajaribu mara ya tatu. Ikasimama karibu na mwisho, ikajizima, ikajiwasha. Swali la moja au mbili halikutokea. Iliingia mfumo mpya moja kwa moja, ikafika nusu, skrini ikawa nyeusi, na katikati ya weusi ule swali likarudi: eneo lisilotumika, nilitumie?

Nilizima. Nikawasha. Likarudi lilelile.

Nilikuwa bado nimeshika swichi mwenyekiti wa chama alipoingia, mzee aliyekuwa seremala wa kiwanda, akiwa amevua kofia.

"Diploma," akasema. Hakuwahi kuniita vingine. "Tumepotelewa."

"Pole, Mzee. Ni nani?"

"Yule fundi wa mashine za kufuma. Yule mrefu, wa kucheka. Kifua kimemchukua jana jioni. Gari linatoka mochari kesho saa tisa. Nitolee karatasi yake."

"Kesho asubuhi, Mzee. Mashine inaboreshwa."

Akainama kuitazama skrini. "Kitu kikiboreshwa huwa cheusi hivi?"

"Kwa muda tu."

"Haya. Wewe ndiye umesoma."

Yule fundi nilimkumbuka vizuri. Aliketi kwenye kiti cha wateja na kunisomea njia ya kwao huku akicheka kwamba huko hata barua hupotea.

Siku nzima ile sikubonyeza kitu. Nilifunga mlango, nikachukua kalamu na kuandika kila nilichokiona tangu Jumanne, kama tulivyofundishwa. Ndipo nilipoliona. Nilikuwa nimefuta mafaili mara mbili, lakini nafasi ambayo mashine ilidai kuiona haikuongezeka hata kidogo. Kumbe haikuwa ikipima upande niliousafisha. Ilikuwa ikipima upande wa kwanza wa diski, ule wa zamani, na kwa vile haikuweza kuusoma, iliuhesabu kuwa mtupu. Ningeweza kufuta duka zima na isingesaidia. Tangu Jumatano ilikuwa imesimama mlangoni pa rejista ikiomba ruhusa ya kuifuta, na vidole vyangu peke yake ndivyo vilivyoizuia.

Huenda rejista ilikuwa bado ipo, ila njia ya kuifikia imefutwa. Au haipo. Ili kujua, nilihitaji flopi ya kuwashia mfumo wa zamani, na yangu nilikuwa nimeiacha kwa watu niliowatengenezea mashine mwaka uliotangulia. Watu hao walikuwa ofisi ya lile shamba la kahawa.

Ijumaa walipofungua mlango Ruiru, walinikuta nimesimama.

"Haiya, tarishi!" karani mkuu akasema. "Umekuja kubeba mafaili?"

Ofisi ikacheka.

"Habari ya asubuhi, Madam. Naomba ile flopi ya kuwashia niliyowaachia."

"Si ulituambia kwa duka yako kuna kila kitu? Si ulisema hata Nairobi wanakuuliza wewe?"

"Nilisema, Madam."

"Na sasa?"

"Sasa kuna mtu mochari, na njia ya kwao imo ndani ya mashine yangu. Mashine haifunguki."

Kicheko kilikatika. "Ngai, Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo. Akafungua droo, akatoa flopi iliyofungwa kwa kitambaa, akaniwekea mkononi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa kitu cha moto. "Enda. Na uirudishe, usiende nayo India."

Nilipofika dukani ilikuwa imepita saa sita. Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye benchi. Pembeni yake alikuwa mjane, amejifunga leso kichwani, na dereva alisimama mlangoni akizungusha funguo.

"Boss, mimi naendesha gari, sipigi ramli," dereva akaniambia. "Nimeambiwa magharibi. Magharibi ni kubwa."

"Mama hajui?" nikamuuliza mwenyekiti.

Mjane alijibu mwenyewe. "Nimezaliwa hapa Thika. Tulikuwa twende kwao Desemba hii."

Nikaingiza flopi. Mashine ikakoroma, ikawaka kwa maandishi meupe. Nikafungua programu ya kugawa diski. Ilionyesha orodha ya sehemu, na hapo nikaona: ya kwanza ilikuwepo, ukubwa wake uleule, ila alama ya kuiwasha ilikuwa imehamishiwa ya pili. Chaguo namba mbili lilikuwa la kuirudisha alama ile. Chaguo namba tatu, mstari mmoja chini yake, lilikuwa la kufuta sehemu nzima. Nikayasoma yote mawili upya kabla ya kugusa kitufe.

"Unangoja nini?" dereva akauliza.

"Mwacheni," mwenyekiti akasema.

Nilibonyeza mbili huku nimeifunika tatu kwa kidole cha mkono wa kushoto. Nikatoa flopi. Nikawasha.

Mfumo wa zamani ukaja, mweupe, polepole. Nikaita jina la marehemu. Likaja. Nikaipeleka kwenye printa ya zamani, ile ya kelele, na ikaanza kukwaruza mstari kwa mstari. Mwenyekiti akasoma kwa sauti karatasi ikiwa bado inatoka:

"Shuka lami penye kinu cha mahindi chenye bati jekundu. Fuata njia ya ng'ombe hadi mtoni. Daraja la miti usilipande, limeoza. Vuka chini yake penye mawe. Uliza boma la mama mwenye cherehani."

Mjane alilia hapo, kwenye cherehani. Nadhani aliisikia sauti ya mumewe. Hata mimi niliisikia.

Gari liliondoka saa tisa na robo. Jumatatu dereva alipita dukani kusema kwamba daraja walilikuta limeanguka, na mawe yapo.

Mfumo mpya niliuboresha wiki iliyofuata. Kwanza nilitoa nakala tatu za rejista, kisha nikaificha sehemu ya kwanza ili CD isiione kabisa. Kazi ilimalizika kwa nusu saa. Hakuna aliyenifundisha hilo, wala sikulisoma popote.

Ilinichukua mwaka mwingine wa kalenda za rangi, halafu Jumamosi moja nikawalipa wote. Baba mdogo alihesabu mara mbili, akaniuliza kama nimeiba. Akina mama wa Gatongora walinipa chai. Mwisho nikaenda Landless, kwa mwenyekiti, nikamwekea pesa mezani, na juu yake rejista yote, imechapwa upya.

Alishukuru, akaingia ndani, akarudi na kaunta buku jipya, daftari nene lenye jalada gumu, na kalamu ya bluu.

"Deni limekwisha, Diploma. Sasa andika hizo zote humu, kwa mkono."

"Mzee, zimechapwa. Na nina nakala tatu."

"Najua. Andika."

Nilikaa mezani kwake nikaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipofika kwenye jina la yule fundi nikainua kalamu, nikamuuliza kama nimruke, maana yeye ameshafika.

"Usimruke," akasema. "Mke wake bado yuko hapa Landless, na njia yake ni hiyo hiyo."