Kitambaa cha Wifi Gwarideni

Mimi ndiye fundi wa kituo hiki cha polisi. Nakaa na cherehani yangu kwenye chumba kinachotazama uwanja wa gwaride, na hakuna suruali ya askari humu ambayo sijaipunguza au kuitanua. Mkuu wa kituo ndiye mteja wangu mkubwa, maana kitambi chake hakijui likizo.

Wifi yangu, mke wa kaka, ni koplo hapa hapa. Kichwani hujifunga mtandio niliomshonea kwa kitambaa kile kile cha sare, na kofia inakaa juu yake vizuri tu. Mimi na dini ni salamu za mbali, lakini wifi anasali kweli. Mkuu akaona nongwa.

"Katiba inasema wote sawa," akamwambia. "Jumatatu uje kichwa wazi, au urudishe sare."

Wifi alilia mpaka nikakasirika. Kaka hana kazi, nyumba nzima inamtegemea wifi.

"Si uvue tu, wifi? Mungu ana mambo mengi, hatakuona."

Akaninyima chai.

Jumatatu akasimama mstarini na mtandio wake. Mkuu akamfokea auvue.

"Sawa, afande. Ila kama ni usawa, tuvue wote."

"Wote!" mkuu akapayuka, kifua mbele. "Kila kisicho sare, mezani!"

Alijiona kashinda. Lo! Misalaba, rozari, pete za baraka, hirizi ya dereva, meza ikajaa utadhani gulio. Sajini mmoja akachomoa chupa ya mafuta ya upako ndani ya soksi. Kisha wifi akapeleka mkono kichwani. Roho iliniuma jamani, na mdomo wangu hauna breki. Nikapiga kelele dirishani:

"Afande, na ile ya kiunoni je?"

Nani humpima kiuno kama si mimi? Kamba nyeusi, na kijifuko cha ngozi ubavuni. Mkuu akashika mkanda kama mtu aliyebanwa na tumbo. Mstarini mtu akachekea puani.

"Gwaride limekwisha," akasema. "Kila mtu achukue chake."

Wifi akashusha mkono.

Jioni mkuu akaja chumbani kwangu, akafunga mlango. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Kumbe anataka nimshonee mfuko wa siri ndani ya suruali.

"Nitashona, afande," nikamwambia, nikimzungushia futikamba. "Ila koplo wako hakuniomba mfuko."