Kabla Boti Haijasimama

Kwetu, nje kidogo ya Cheptiret, hakuna anayengoja pikapu ya maziwa isimame. Dereva akisimama kabisa kwenye kilima cha hapo wakati wa mvua, magurudumu yanazama na itabidi atafute watu wa kumsukuma. Kwa hiyo anapunguza mwendo tu, na wewe uliyepewa lifti unashuka gari likienda. Kuna namna yake. Unaangalia mbele, unatanguliza mguu wa nje, na ukigusa ardhi unakimbia kidogo sambamba na gari kabla ya kuliachia. Tulijua hivyo kabla ya kujua kusoma. Mimi nilianguka mara nyingi, mpaka suruali za shule zikawa na viraka magotini. Dadangu hakuwahi kuanguka. Alikuwa akishuka na mkebe wa maziwa mkononi, akiongea, kana kwamba anateremka kitandani.

Sasa dadangu ni mwanariadha na anaishi kambini Kaptagat. Mwaka jana mfupa wa ugoko wake wa kushoto uliingia ufa, na kocha akamkataza kabisa kukimbia barabarani. Akaambiwa akimbilie ndani ya maji, kwenye bwawa la hoteli moja mjini Eldoret, akiwa amefungwa mkanda unaoelea. Nilikuwa nimemaliza shahada ya fizikia na nilikuwa na muda mwingi kuliko kazi, basi nikawa namsindikiza. Hapo ndipo sote wawili tulipojifunza kuogelea. Mimi niliogelea kwa sababu nililazimika. Yeye alipenda. Alikuwa akishika pumzi na kukaa chini kwenye vigae, akituangalia sisi tulio juu kama samaki anayeshangaa.

Mfupa ukapona. Kisha akapata mwaliko wa marathoni yake ya kwanza ng'ambo, ile aliyokuwa akiitaka tangu aanze kukimbia. Kabla ya mazoezi mazito kuanza, kocha alimpa likizo fupi, naye akasema anataka kwenda Pwani kuzamia na mtungi wa hewa.

"Nendeni," kocha alisema. "Maji hayavunji mfupa."

Nilimuuliza amejuaje. Aliniangalia vile huwa ananiangalia, akarudi kwenye saa yake.

Huko Pwani nilimchosha mwalimu wa kuzamia. Niliuliza kwa nini masikio yanauma, kwa nini hewa inaisha haraka ukienda chini zaidi, nani hukagua mitungi na kwa njia gani. Alijibu vizuri, nakiri, na mengi nilikuwa nimeyasoma. Swali moja tu ndilo lililopata jibu bovu.

"Na kushuka je?"

"Kushuka wapi?"

"Kwenye boti, tukirudi ufukweni."

"Ah, hapo unaruka tu, bro."

Kuhusu kule chini sitasema mengi, kwa sababu kila anayerudi husema mengi. Nitasema tu kwamba dadangu, ambaye kupumua ndiyo kazi yake, alipanda juu akiwa na hewa nyingi mtungini, wakati mimi, hewa yangu ikikaribia kuisha, ilibidi mwalimu anishike mkono na kunionyesha ishara ya kupanda. Dadangu alinicheka kwa macho nyuma ya kioo.

Tulirudi tukiwa na watalii wengine wawili, mume na mke kutoka Nairobi. Kapteni, mtu mzima mwenye kofia ya ukili, aliielekeza pua ya boti kwenye mchanga, akangoja wimbi linyanyuke nyuma yetu, halafu akakaza injini tupande nalo. Desturi ya pale ni hiyo: boti inasukumwa kwa nguvu mpaka pua ikwame mchangani, wageni wanaruka kwa mbele, na mume wa mtu anapiga picha.

Dadangu alikuwa amesimama mbele. Nilimwona akitanguliza mguu na nikajua anachotaka kufanya. Pua ilipogusa mchanga, mwendo ukapungua kidogo, na mwili wake ukasikia kile ulichozoea kusikia kwenye kilima cha kwetu. Akashuka, akiangalia mbele, tayari kukimbia.

Lakini hakuna anayekimbia ndani ya maji ya magotini. Hatua ya kwanza ilimnasa, akapiga magoti. Nyuma yetu wimbi la pili lilikuwa linafika. Likainyanyua boti nzima, na watu wake, na mitungi yake, likaisukuma mbele. Sikumwona tena dadangu. Niliona pua ya boti pale alipokuwa.

Akatokea kando, akibingiria, amejaa mchanga nywele nzima. Alikuwa amejirusha upande. Tumbo la boti lilikuwa limechimba mfereji mahali mguu wake wa kushoto ulipokuwa, na juu ya kifundo alikuwa na mchubuko mwembamba unaoanza kutoa damu. Alisimama akicheka. Yule mke wa Nairobi alipiga makofi.

Jioni, tukinywa chai, dadangu bado alikuwa anacheka.

"Profesa, wewe unaogopa mpaka vitu ambavyo vimeshapita."

"Kwenye pikapu unashukia wapi?"

"Nyuma. Ama kando."

"Umewahi kushukia mbele?"

"Mbele ya gari? Mimi ni mwendawazimu?"

Nilimwacha ayasikie maneno yake mwenyewe. Aliweka kikombe chini. Nikamwambia kwamba boti ile ikiwa imejaa ina uzito wa trekta na trela lake, na haina breki. Kapteni akizima injini, wimbi ndilo linakuwa dereva, na wimbi halimjui aliye mbele yake.

Alikunja suruali, akaanza kuuminya ugoko taratibu kwa vidole, kutoka gotini kwenda chini, jinsi daktari alivyomfundisha. Chai yake ikapoa.

"Lakini kesho nataka kurudi kule chini," alisema mwishowe.

"Utarudi. Tatizo si kule chini."

Asubuhi nilimtafuta kapteni, nikamkuta anafuta injini kwa kitambaa.

"Kapteni, hapa watu huwa hawaumii wakishuka?"

"Mwanangu, mimi nashusha watu hapa tangu kabla hujazaliwa."

"Hilo si jibu la swali langu."

Akaacha kufuta. "Kuumia kidogo kidogo hakukosekani."

"Kidogo ni kipi?"

"Kuna mmoja, kidole cha mguu. Mwengine kifundo. Mama mmoja goti, lakini yule alikuwa mzito, na mwenyewe aliruka vibaya."

"Wote waliruka vibaya?"

"Wote."

"Basi labda hakuna namna nzuri ya kuruka. Kwa nini usisimame maji ya kiunoni, watu wakatembea?"

Aliniangalia kwa huruma. "Wageni hawapendi kulowa."

"Kapteni. Wanatoka kuzamia."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Baadaye alinieleza kwamba alianza kazi akiwabeba wageni wa hoteli, wenye viatu vya ngozi na masanduku, na kuwashusha wakavu ndiyo ilikuwa sifa yake pwani nzima. Watu wa mitungi walipokuja, hakuna aliyefikiria kubadilisha. Sikuona aibu yoyote kwake katika hilo. Mambo mengi tunayofanya kila siku yalianzishwa kwa sababu iliyokwisha kufa, na mwenye kuuliza ndiye anayeonekana msumbufu.

Tukakubaliana. Angetupa nanga kwa nyuma akiingia, ili kamba izuie boti isisukumwe. Angezima injini na kuinua propela. Vifaa vingebaki ndani, na watu wangeshukia ubavuni, mmoja mmoja, bila mtu yeyote kupita kati ya boti na mchanga. Siku hiyo alifanya hivyo, na hakuna aliyelalamika, labda kwa sababu bahari ilikuwa imelala.

Siku yetu ya mwisho bahari haikulala. Tulipokuwa tunarudi, mawimbi yalikuwa yanavunjika kwa sauti, na yule mume wa Nairobi alikuwa na treni ya kuwahi.

"Kapteni, leo piga mchangani moja kwa moja," alisema. "Tusianze mchezo wa kutembea kwenye mawimbi na mabegi."

"Tulikubaliana vingine," nikasema.

"Nyinyi mlikubaliana. Mimi sikuwepo kwenye mkutano wenu."

Kapteni aliniangalia, akamwangalia mwenye treni, akaielekeza pua mchangani. Dadangu alikuwa tena mbele, mkono kwenye ukingo, na mguu wa kushoto ulikuwa umeshaanza kunyanyuka wenyewe. Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Hiyo ni mbele ya gari."

Alikaa. Alikaa sakafuni pale pale, kwenye maji machafu ya boti, akakumbatia magoti yote mawili.

"Mimi sishuki," alisema kwa sauti ambayo kapteni aliisikia juu ya injini. "Hata ikifika nitakaa hapa hapa mpaka ufanye ile ya juzi."

Pua ikagusa. Mume wa Nairobi, kwa haraka yake, alitupa kwanza majini sanduku lao la plastiki la kupozea vinywaji, pale mbele, akainua mguu alifuate. Mkewe akamshika shati. Wimbi likatufikia kwa ubavu, boti ikageuka upande kama ng'ombe anayelala, na sanduku likaingia chini yetu. Tulisikia likipasuka. Vipande vyeupe vikatokea upande wa pili, vikielea na chupa.

Kapteni alirudisha boti nyuma, mbali kabisa na mapovu, akasubiri mawimbi makubwa yapite, akatupa nanga. Kisha akazima injini, akainua propela, akaenda mwenyewe ubavuni kumpa mke wa Nairobi mkono. Mume alikuwa wa pili, begi kichwani.

Dadangu alishuka mwisho. Maji yalimfika kiunoni, akatembea polepole kwa pembeni, mbali na boti, akijaribu kila hatua kabla ya kuiweka. Sijawahi kumwona akitembea polepole namna ile, na sijawahi kumwona akitembea vizuri hivyo.

Jumatatu tulikuwa Kaptagat, baridi ikiuma masikio. Kocha alimwambia akae juu ya gogo, akambonyeza ugoko wa kushoto kwa kidole gumba, kwa nguvu, sehemu ya ule ufa wa zamani. Dadangu hakukunja uso.

"Sawa," kocha alisema. "Kilomita thelathini, mwendo wa kawaida."

Wenzake walikuwa wameshaondoka. Alifunga kamba za viatu, akawafuata msituni, na kabla ya kona ya kwanza alikuwa amewafikia.