Nzigire: Si mdogo wangu, ni mchumba wangu

Saa moja asubuhi, katika ghala la vipuri vya magari Jeffersontown, nje ya Louisville, Nzigire anavaa glavu. Maboksi yanakuja kwenye mkanda, anayapokea, anayapanga. Safu akiijenga yeye, haiinami.

Ana miaka 34, mshahara wa dola 11 kwa saa, na mgongo unaomuuma tangu Jumatano. Haombi kuonewa huruma.

Mwaka 2009, yeye na mpenzi wake, Chimène, walikimbia Walungu, Kivu ya Kusini, Kongo. Kambini Uganda wakaandikishwa kama ndugu, kwani kujitaja wapenzi kulikuwa hatari.

"Nilisema ni mdogo yangu," anasimulia. "Kama hapana, kila mtu angepelekwa inchi yake, peke yake."

Uongo huo ukavuka nao bahari hadi Marekani. Kanisani waliimba kwaya kama dada wawili, watu wakitania kwamba Nzigire, aliye mrefu kuliko Chimène, kamaliza urefu wote wa nyumba yao.

Juni 2015, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba ndoa za jinsia moja zitambuliwe katika majimbo yote. Chimène, anayehudumia wazee, akazitandaza karatasi zao mezani. Furaha ikakatika. Kwa karatasi ni ndugu, na ndugu hawaoani. Kusahihisha ni kukiri uongo, na kukiri kungeweza kuwapokonya haki ya kuishi nchini.

Wakazirudisha karatasi kabatini kwa miezi miwili.

Ndipo Jumapili moja mzee Balagizi wa kanisani kwao akaja na watu watano kumposa Chimène kwa niaba ya mpwa wake, Jules. Kwa desturi, wakamwendea Nzigire, dada mkubwa. Balagizi akaisifu kazi ya Jules, akatania kwamba nyumba yenye mabinti wawili haikosi kumtoa mmoja.

Nzigire angeweza kutaja mahari ya kuwakimbiza. Alikuwa amechoka kudanganya.

"Bon, mzee, Jules atafute bibi fasi ingine. Uyu ni miye nitamuoa."

Chimène akatoka jikoni, akaketi ubavuni pake. Wageni wakaaga bila kunywa chai. Kwaya haijawaita tena.

Kesho yake wakaenda kwa mwanasheria, wakaandika ukweli wote, wakatia sahihi. Majibu ya idara ya uhamiaji bado, na wameonywa yanaweza kuwa mabaya.

Nzigire hangoji kwa kujificha. Mwezi ujao anakwenda Columbus kumposa Chimène kwa Cikuru, kaka yake Chimène wa damu, ambaye amekubali kumsikiliza tu.

"Bakitaka kuturudisha," anasema, "baturudishe vile tuko."