Nilivyomwombea nyanya wa Yumi

Jameni, leo nimeharibu shughuli ya mtu, na naungama.

Yumi tunatunza wazee naye. Yeye ni wa wale Wajapani waliohamia Brazil. Leo alikuwa anasoma mashairi yake mbele ya watu mara ya kwanza, hapa mtaani kwetu Kings Heath, ughaibuni. Aliniambia, "Wilson, usikose, naogopa."

Sikukosa, nikaenda na binti yangu. Lakini nilitoka zamu moja kwa moja, nikasinzia.

Kushtuka, namsikia akimtaja nyanya yake, aliyezikwa mbali na kwao.

Halafu kimya. Vichwa vyote chini.

Sasa mtu wa Kakamega angefanya nini? Nikasimama.

"Tuombe!"

Nikafariji wafiwa. Nikakemea mauti. Dakika nne nzima.

Kufungua macho, binti yangu amejifunika koti usoni. "Dad, lilikuwa shairi!"

Nyanya mwenyewe alikufa miaka arobaini iliyopita.

Nikamwendea Yumi kuomba msamaha. Nikamkuta anacheka huku analia.

"Hata mazishini hakuombewa hivyo," akasema. "Na nyanya yako aliitwa nani?"

Kwetu nani angethubutu kumtaja jina? Alikuwa Kukhu tu, yaani nyanya, basi.

Binamu zangu mlio humu, nawasihi: Kukhu aliitwa nani?